Jiwe la Shabu Katika Chumba cha Mkwe

Mimi ni mtu wa kushuku. Sijivunii tabia hiyo, ila siifichi. Nikinunua maziwa barabarani nayaonja mbele ya anayeuza. Nikipeleka pikipiki kwa fundi nasimama kichwani pake mpaka amalize, na nikifika nyumbani naikagua upya kama plagi ni ile ile yangu. Mke wangu husema siku nikifika peponi nitauliza kwanza nani kaacha mlango wazi. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akanionea huruma mahali nisipostahili.

Nafundisha kemia katika sekondari moja ya kata, nje kidogo ya mji wa Bariadi. Maabara tunayo. Ina meza za zege, ina masinki meupe, ina mabomba ambayo tangu niripoti hapo sijayaona yakitoa hata tone. Vifaa na kemikali ndivyo vilivyokosekana. Kwa miaka kadhaa nilifundisha kwa kuchora ubaoni: huu hapa mrija, hii hapa chupa, hapa rangi inageuka bluu, andikeni bluu. Wanafunzi wakaandika bluu. Halafu siku ya mtihani wa vitendo wakawekewa unga mweupe wa kweli mezani, na wengine wakaogopa hata kuugusa. Niliona aibu kubwa. Nikaapa kwamba watoto wangu wataishika kemia kwa mikono yao, hata ikibidi niipike jikoni kwangu.

Sokoni kuna muuza viungo mmoja, mtu wa baraghashia na maneno machache, ambaye nyuma ya iliki na mdalasini anaweka makopo ya vitu vingine: shabu ile ya kupaka baada ya kunyoa, mrututu wa bluu, magadi, chumvi ya mawe. Ukivitaja kwa majina ya vitabuni unakuta amebeba nusu ya kabati la maabara, na kwa bei ambayo mwalimu anaimudu. Siku ya kwanza nilipomwomba shabu ya kujaza kopo zima alinitazama kutoka utosini hadi kwenye viatu.

"Mwalimu, ndevu huna," akasema. "Yote hii ya nini?"

"Ya kufundishia."

"Haya," akasema, na niliona kabisa kwamba hajaamini. Mimi nami sikuuamini mzani wake, kwa hiyo tukaachana salama.

Maabara yangu ikawa stoo ya uani, chumba kimoja chenye bati tupu juu, hakina dari, na dirisha dogo la mbao. Nilipigilia rafu ukutani. Vyombo vilikuwa chupa za jamu, makopo ya siagi ya karanga, chujio la chai na vipande vya kanga kuukuu. Kuonyesha koloidi kulikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Unachukua glasi tatu: ya kwanza maji na chumvi, ya pili maji yenye matone machache ya maziwa, ya tatu maji ya lambo yenye udongo mweusi wa mbuga. Unafunga dirisha, unawasha tochi ya simu kwa ubavuni. Kwenye maji ya chumvi mwanga unapita na huoni ulikopita. Kwenye maziwa unauona mstari mzima, kutoka glasi inapoanza hadi inapoishia, kwa sababu humo kuna chembe ndogo ambazo hazikuyeyuka na wala hazizami, na hiyo ndiyo koloidi. Maji ya lambo yanaweza kukaa wiki yakiwa machafu vile vile. Ukitia shabu kidogo na kukoroga, tope linaanza kushikana vipande vipande, linakwenda chini. Akina mama wa huku wanalijua hilo siku nyingi, ila hakuna aliyewaambia kwamba ni kemia.

Lakini kilichoniteka mimi ni jiwe. Unapasha maji moto, unatia shabu mpaka maji yashibe, yaani mpaka yakatae kupokea zaidi. Yakipoa, unatumbukiza kipande kidogo cha shabu kilichofungwa kwenye uzi, unafunika kwa kitambaa na kuacha. Ile shabu iliyozidi inakosa mahali pa kukaa, inakuja kujibandika kwenye kile kipande, na siku baada ya siku kinanenepa, kinapata pande bapa na kona kali, kinang'aa. Nilitaka likue kama yai la kuku kabla muhula haujaisha, nilipeleke darasani, niwaambie wanafunzi: hili sikulichora. Kila alfajiri, kabla sijaenda shule, niliinua uzi, nikapima jiwe kwa rula na kuandika kwenye daftari. Daftari lilikuwa na safu tatu: tarehe, upana, maoni. Kwa wiki tatu safu ya upana ilipanda bila kukosa siku hata moja. Nililipenda lile jiwe, niseme ukweli.

Mwezi wa tisa, joto lilipoanza kukaza, akaja mama mkwe wangu kutoka Mkula.

Alikuja kwa sababu ya macho. Alikuwa na mtoto wa jicho, na tulisikia kwamba madaktari wa macho wangefika hospitali ya hapa kwa siku chache tu, kufanya upasuaji. Mke wangu alimwandikisha, akapewa kadi yenye tarehe. Siku yake ikipita ndiyo imepita, kwa kuwa hakuna aliyeweza kutuambia madaktari wale wangerudi lini. Alikuwa mjane, anaishi kwenye kaya yake na wajukuu, na alisema anataka jambo moja tu: apalilie pamba yake bila kuing'oa akidhani ni majani.

Sasa, kwao mke wangu wanashika mila ya ukwe kuliko hata sisi wa Maswa. Mama mkwe na mkwilima, yaani mume wa binti yake, hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawaongei ana kwa ana, na hawalali chini ya bati moja. Mkikutana njiani mmoja anajifunika na kupisha. Sikuiona mila hiyo kuwa mzigo. Mtu unayemheshimu kiasi hicho huwezi kugombana naye, maana hamna pa kuanzia. Ila nyumba yetu ina bati moja tu la kulala, na lingine ni la stoo. Kwa hiyo mama akapewa stoo.

Mrututu niliuondoa siku hiyo hiyo, maana ni sumu, nikaufungia kwenye sanduku la bati chumbani kwetu. Vitu vingine vilibaki rafuni juu ya kitanda chake. Lile jiwe hasa sikutaka litikiswe. Mke wangu alinihakikishia kwamba mama hagusi cha mtu.

Kuanzia hapo sikuweza tena kuingia stoo alfajiri, kwa kuwa mkwe amelala humo. Nilisubiri mpaka nitoke shule. Saa tisa hivi mchana mama alikuwa ametandika mkeka kwenye kivuli nyuma ya nyumba, mbali na joto la bati. Mimi nilikohoa nikiwa bado getini, kama inavyotakiwa, naye akisikia anageukia ukutani. Ndipo nikaingia na rula yangu.

Siku ya kwanza jiwe lilikuwa limepungua.

Nilipima mara mbili. Nikafuta rula kwa shati, nikapima mara ya tatu. Limepungua, na kona zake zilizokuwa kali zimelainika kama pipi iliyotolewa mdomoni. Siku ya pili, vile vile. Siku ya tatu limepungua zaidi. Katika safu ya maoni nikaandika neno moja: Nani?

Nani mwingine? Nyumbani tulikuwa watatu. Mimi sikugusa. Mke wangu alikuwa na kibanda chake cha kushona mjini, anarudi jioni. Wiki tatu jiwe lilinenepa bila tatizo, na wiki aliyoingia mama likaanza kukonda. Mtu yeyote mwenye akili angefika nilikofika mimi. Tena nilikuwa na sababu mkononi: wako watu wanaoamini kwamba maji ya shabu yanasafisha macho. Nikamwona kabisa akilini mwangu akinyanyua kitambaa, akitoa jiwe langu, akilisugua kwenye maji, akijiosha. Kilichokuja kwanza kilikuwa hasira ya jiwe. Hofu ya macho yake ilikuja ya pili, na niliitanguliza kwenye maneno kwa sababu ilionekana nzuri zaidi.

"Mama yako anatumia shabu yangu," nikamwambia mke wangu.

"Umemwona?"

"Sihitaji kumwona. Nimepima."

"Mwalimu," akasema. Ananiita hivyo akikasirika. "Mama yangu hajawahi kula hata ndizi ya mtu bila kuomba."

"Muulize tu."

"Simuulizi."

Nami nisingeweza kumuuliza. Hapo ndipo mila iliponibana. Angekuwa jirani ningemfuata nikamaliza. Lakini mkwe nilimsikia tu akifagia asubuhi nyuma ya mlango uliofungwa, nikasikia maji yakimwagwa kwenye beseni, na kila sauti ikawa ushahidi. Kwa nini anafunga mlango akinawa? Kwa nini anakaa kimya muda mrefu namna ile? Jioni moja mke wangu alitaja kwamba mama amelalamika macho yanawasha. Niliacha kula. Nikasema, umesikia mwenyewe.

Nikaanza mitego. Nilifunga uzi kwa fundo langu la pekee. Nikaweka alama ya kalamu kwenye chupa, pale maji yanapofika. Nikanyunyiza unga wa muhogo kwenye rafu ili vidole viache alama, na kesho yake nikakuta nyayo za mjusi na dole gumba langu mwenyewe. Fundo halikufunguliwa. Nikasema, basi analiramba bila kufungua. Naandika haya uso ukiniwaka, lakini ndivyo nilivyosema, mtu mzima, mwenye cheti cha kufundisha sayansi.

Ikafika wiki moja na siku mbili kabla ya tarehe ya kwenye kadi. Siku hiyo jiwe lilikuwa dogo kuliko siku zote. Nilitoka stoo nikasimama katikati ya uwanja. Mama alikuwa nyuma ya nyumba, na mila inaruhusu mtu kusema na hewa, anayehusika akasikia. Nikapaza sauti, kwa Kiswahili, ili hewa inielewe vizuri.

"Kuna mtu humu ndani anachezea dawa chumbani! Namjua. Ushahidi ninao. Aache, kabla sijaita watu!"

Upande wa pili wa ukuta majirani walikuwa wanatwanga. Mchi ukanyamaza. Niliridhika na ukimya ule, nikadhani ni wa watu waliokubali kwamba nina haki.

Asubuhi ya pili yake, Jumamosi, mama hakuwepo. Alikuwa amemwamsha binti yake kukiwa bado giza, hakujapambazuka vizuri, akamwambia ameota kaya yake haina mtu, hawezi kukaa. Mke wangu alimsihi, akakataa. Binti akamshika mkono mpaka stendi, akamkabidhi kwa mwanamke wa Mkula aliyekuwa anapanda gari lile lile. Aliporudi hakunisalimia. Alipita moja kwa moja hadi stoo, nami nikamfuata. Kitanda kilitandikwa. Shuka tulilompa lilikunjwa mraba. Juu ya shuka aliiacha kadi ya hospitali.

"Ameiacha," mke wangu akasema. "Hana mpango wa kurudi. Umeridhika?"

Mimi nilikuwa natazama rafu. Jiwe lilikuwa kubwa, kubwa kuliko lilivyowahi kuwa, kona zake kali, pande zake zinang'aa kwenye mwanga wa dirisha. Na hapo, Mungu anisamehe, wazo langu la kwanza lilikuwa hili: amerudisha.

Nilisema kwa sauti. "Amerudisha vipi?" mke wangu akauliza taratibu. "Amelishonea viraka?" Akatoka, akafunga mlango kwa nguvu.

Nikakaa kwenye kile kitanda. Sikuwa na pa kwenda, shule hakuna, na mke wangu hakutaka kuniona jikoni. Saa mbili asubuhi jiwe lilikuwa vile vile. Saa nne bati lilianza kulia juu yangu, lile tiki-tiki la bati linalotanuka. Saa sita shati lilinishika mgongoni. Nikainua uzi nikapima. Lilikuwa limepungua. Saa nane kona zilikuwa zimelainika mbele ya macho yangu, na chini ya jiwe niliona kitu kama michirizi myembamba ikishuka ndani ya maji, shabu ikirudi ilikotoka.

Kila mwaka nachora mchoro mmoja ubaoni: jinsi maji ya moto yanavyobeba chumvi nyingi kuliko maji ya baridi. Kila mwaka nauliza, maji yaliyoshiba alfajiri yatakuwaje yakipata joto? Wanafunzi wanaitikia wote, yataona njaa tena, mwalimu! Na mimi niliyewafundisha nilikaa chini ya bati tupu la mwezi wa tisa nikitafuta mwizi. Jiwe lilikuwa linakonda mchana na kunenepa usiku. Wiki tatu za kwanza nilipima alfajiri, likiwa limeshiba. Alipoingia mama mila ikanihamishia saa tisa mchana, nikalikuta na njaa. Nilifungua daftari. Tarehe, upana, maoni. Safu ya saa sikuiweka. Mwanafunzi akiniletea jedwali la namna hiyo huwa namrudishia.

Jumapili tulipanda gari la kwenda Lamadi, linalopita Mkula, mke wangu na mimi. Kadi ilikuwa kwenye mkoba wake. Tulifika kwa mama jua likiwa limepanda. Nikaachwa nje, nikapewa kigoda, nikakaa nikiwa nimeipa mgongo nyumba. Mama alikaa ndani karibu na mlango. Tulikuwa hatua tano mbali, kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kabisa, lakini maneno ilibidi yapitie kwa mke wangu, aliyesimama kizingitini.

Tulisalimiana kwanza, mwangaluka, mhola, mpaka salamu zikaisha na sikuwa na pa kujificha.

"Mwambie mama nimekosa," nikasema. "Mwambie lile jiwe hakuligusa mtu. Lilikuwa linayeyuka lenyewe mchana kwa joto la bati, usiku linarudi."

"Mayu," mke wangu akamwambia mama kwa Kisukuma, "anasema jiwe lilikuwa linajiramba lenyewe."

Kisha sauti ya mama ikaja, ya chini, ya mtu anayetaka kuelewa kweli.

"Muulize mkwilima, jiwe gani?"

"Lile la kwenye chupa," nikasema. "Kwenye rafu, juu ya kitanda chake."

"Kulikuwa na chupa?"

Mke wangu aligeuka akamtazama. "Mama, zile chupa. Zimejaa ukutani. Ulilala chini yake wiki mbili na zaidi."

"Mkono wangu uligusa ubao siku ya kwanza," mama akasema. "Nikajua kuna vitu vya watu. Sikupeleka mkono tena."

"Lakini ulisema jicho la kushoto linaona," mke wangu akasema.

"Nilisema hivyo ili usiache kazi yako ukawa unanivuta kama mbuzi. Mwanangu, la kushoto liliondoka tangu mavuno."

Nilikuwa nimezitazama chupa kwa rula, uzi, kalamu na unga wa muhogo. Mwenye chumba sikumtazama, na nilikuwa na sababu nzuri ya kutomtazama, sababu ambayo ukoo mzima ungenisifia.

Mke wangu alikuwa analia sasa. Akauliza alichokuja kuuliza. Kama hakujua lolote kuhusu jiwe, kwa nini alikimbia?

"Sikuelewa jiwe," mama akasema. "Nilielewa dawa. Alisema kuna mtu anachezea dawa chumbani. Alisema ataita watu. Nikasikia na majirani wameacha kutwanga. Mimi ni kikongwe, macho yangu mekundu, silali vizuri, naongea peke yangu. Nikajiuliza, watu hao wakija watakuja na nini?"

Hakuna aliyehitaji kunifafanulia. Nimezaliwa huku. Stoo yangu yote naiita dawa: shabu ni dawa, magadi ni dawa, na mke wangu anaponiita kula anasema acha dawa zako. Lakini kwenye kaya zetu neno hilo lina maana nyingine pia, ya uchawi, na bibi mwenye macho mekundu akitajwa pamoja nalo kwa sauti kubwa, hangoji sentensi ya pili. Wako walioingoja, wakauawa. Mama alikuwa na umri wa kuwajua. Na mimi nilikuwa nimesimama uwanjani kwangu, nikatangaza, nikaridhika na ukimya wa majirani.

Niligeuka. Sikukusudia kuvunja mila ya mtu, mwili uligeuka wenyewe, nikamtazama mama mkwe wangu usoni kwa mara ya kwanza tangu nioe. Alikuwa na umbo dogo kuliko nilivyodhani. Mboni zote mbili zilikuwa nyeupe, ule weupe wa ute wa yai unaoanza kuiva. Alinielekea moja kwa moja, hakujifunika, hakushtuka. Aliendelea kusema na mgongo wangu, pale alipodhani upo.

Nikageuka tena haraka. Mke wangu aliona, na mpaka leo hajasema neno.

"Mwambie arudi," nikasema. "Mwambie namwomba. Siku zimebaki saba."

"Nitarudi," mama akasema, "akishasema. Asiniambie mimi. Aende aseme palepale uwanjani, kwa sauti ile ile, wasikie walewale."

Jumatatu jioni, majirani walipoanza kutwanga, nilisimama katikati ya uwanja. Nikapaza sauti. Nikasema nilichosema Ijumaa ni uongo. Nikasema hakuna aliyechezea dawa, na hapakuwa na dawa, palikuwa na shabu ya kusafishia maji, ile ile mnayoijua, iliyokuwa inapungua yenyewe kwa joto, na mwalimu aliyesahau somo lake. Nikasema mama mkwe wangu ni mtu safi na mimi nimemkosea. Mchi ulinyamaza tena. Halafu mwanamke mmoja akauliza juu ya ukuta, kwa sauti isiyoniamini hata kidogo, "Na hiyo shabu inapunguaje yenyewe?"

Nikawaambia waje kesho yake waone. Nikaomba ruhusa shuleni. Walikuja saa tatu asubuhi wanne, wakaliona jiwe. Wakarudi saa nane wakiwa kumi na zaidi, wakajazana stoo wanatoka jasho, wakaliona tena. Mmoja alinusa chupa. Mmoja akataka kujua kama nimebadilisha jiwe walipokuwa wamekwenda kupika, na sikuweza kumlaumu, kwa kuwa ndilo swali ambalo ningeuliza mimi. Nikamwambia akae. Akakaa mpaka jua likapoa, akitazama, na alipotoka aliwaambia wenzake kwamba ni kweli, ni joto tu.

Mama alirudi Jumatano. Nilikuwa nimehamisha rafu yote chumbani kwetu, mke wangu akalala na harufu ya magadi bila kulalamika. Siku ya kadi tulimpeleka hospitali. Walifanya jicho moja, la kulia, wakalifunga. Kesho yake wakalifungua, wakampa dawa ya matone na masharti mengi, nasi tukarudi naye nyumbani. Mke wangu alimuuliza anaonaje. Alisema mwanga ni mkali, basi. Zaidi ya hapo hakusema, na mimi nikaanza kushuku kwamba upasuaji umeshindikana na tunafichwa tena.

Asubuhi ya siku ya tatu nilitoka bafuni na ndoo mkononi, sabuni sikioni, nikiwaza kipindi cha kwanza. Sikukohoa wala kuita hodi, nilisahau. Mama alikuwa anatoka stoo, peke yake, bila kushikwa mkono. Kati yetu palikuwa na uwanja mzima. Akasimama. Kisha akavuta kanga akafunika uso, akageukia ukuta, akanipisha njia.

Nilipita haraka nikiinamisha kichwa. Nikaingia ndani, nikaweka ndoo chini, nikamwambia mke wangu kwamba mama ameniona.